Kuitafuta Nyumba ya Nyanya Majengo, Pumwani: Mwongozo Kamili

Familia nyingi za Kenya, na si chache zenye asili ya Tanganyika, Kongo na Sudan, zina mtu aliyewahi kukaa Majengo ya Pumwani, Nairobi. Wajukuu wake leo wako Buruburu, Kisumu, Mombasa, Muscat au Minneapolis, na ipo siku mmoja wao anasema anataka kwenda kuona nyanya alipokuwa akiishi. Jibu analopewa huwa lilelile: "Majengo? Utarudi bila simu."

Jibu hilo lina ukweli, lakini ni nusu tu ya habari. Wewe unawaogopa wenyeji kwa sababu ya simu yako. Wenyeji nao wanakuogopa wewe kwa sababu ya ploti yao, na hofu hiyo ya pili ndiyo nzito. Nyumba nyingi za Majengo zilijengwa kwenye ardhi ya umma, wakazi wakapewa ruhusa ya kujenga bila hatimiliki mkononi. Kila yanapozuka maneno ya kubomoa na kujenga magorofa, swali la nani mwenye nyumba linafufuka. Sasa tokea wewe, umevaa vizuri, una karatasi ya zamani mkononi, unauliza mlangoni, "Hii nyumba ilikuwa ya nani?" Hakuna atakayedhani umekuja kwa mapenzi ya nyanya.

Kwa hiyo safari hii ina kazi mbili: ujilinde, na uwatoe wenyeji wasiwasi. Kwa bahati nzuri, anayeweza kukusaidia katika zote mbili ni mtu mmoja, yaani mwenyeji wako, na ndiyo maana hatua ya kumpata nimeieleza kwa urefu.

Hatua ya kwanza: Hakikisha ni Majengo ipi, na ya miaka gani

Usicheke. Kuna Majengo Mombasa, Nyeri, Nanyuki, Moshi, na miji mingine mingi. Mzee aliyesema tu "nilikaa Majengo" huenda hakuwa na maana ya Nairobi hata kidogo.

Ukishajua ni Nairobi, uliza miaka. Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kituo cha reli, na kwa miaka ishirini hivi Waafrika walijijengea vijiji vyao: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini, Kileleshwa. Serikali ya kikoloni ilipoanzisha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920, vijiji hivyo vikaanza kubomolewa na watu wakahamishiwa huko. Pangani iling'ang'ana hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha nayo ikaondolewa, na watu wake wengi wakapelekwa Shauri Moyo. Hapa ndipo wajukuu wengi wanapopotea. Nyanya akisema "tulikaa Pangani kabla ya vita vya Hitler," ukaenda Pangani ya leo, hutakuta ukuta wala mtu anayemjua. Wajukuu wa majirani zake watafute Shauri Moyo na Majengo.

Uliza pia alikuwa akifanya kazi wapi. Mtu wa reli mara nyingi alikaa Muthurwa, Landhies au Makongeni, kwenye nyumba za kazi. Mfanyakazi wa manispaa au wa kampuni angeweza kuwa Kariokor, Ziwani, Starehe, Kaloleni au Bahati. Mpishi na yaya walilala kota nyuma ya nyumba ya tajiri. Majengo ilikuwa ya wale waliojipangia wenyewe: wenye nyumba, wapangaji wao, wafanyabiashara, mafundi, na wanawake waliokuja mjini bila mume wala mwajiri.

Kisha liulize swali ambalo familia nyingi hazilifikirii. Badala ya kuuliza "alikaa wapi," uliza "alikuwa akilipa kodi kwa nani?" Majengo nyumba ilijulikana kwa jina la mwenyewe: kwa Bi Fulani, kwa Mzee Fulani. Babu yako huenda alikodi chumba kimoja na wenzake watatu, au kitanda tu, kwa miaka miwili. Hakuna mtaa duniani unaomkumbuka mpangaji wa kitanda wa mwaka 1951. Mwenye nyumba wanamkumbuka. Jina la mwenye nyumba lina thamani kuliko nambari ya mlango, maana nambari zimepakwa rangi na kubadilishwa mara nyingi, na milango yenyewe haipo.

Hatua ya pili: Fungua sanduku la familia

Kabla ya kwenda ofisi yoyote, mwombe shangazi mkubwa akutolee bahasha yake. Unatafuta vitu vya aina hii: risiti au kadi ya kodi ya nyumba, kipande, ile karatasi ya kujiandikisha ambayo wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba, kwa kawaida ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni, cheti cha ubatizo, ambacho kinataja parokia na msimamizi, cheti cha ndoa cha Kiislamu chenye majina ya mashahidi, kadi ya kliniki au cheti cha kuzaliwa cha mjomba aliyezaliwa hospitali ya Pumwani, ambayo ilifunguliwa mwaka 1926. Geuza na picha. Nyuma ya picha za zamani mna mhuri wa studio, na mara nyingi mna jina la rafiki lililoandikwa kwa kalamu ya wino. Shahidi wa ndoa na msimamizi wa ubatizo karibu kila mara walikuwa majirani, na wajukuu wao ndio unaoweza kuwapata kwa simu wiki hii.

Ukikuta barua, soma anwani kwa uangalifu. Barabara zimebadilishwa majina baada ya uhuru. Doonholm Road ya kwenye bahasha ndiyo Jogoo Road ya leo, na Victoria Street ni Tom Mboya Street.

Ukitaka kuchimba zaidi, nenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, kwenye jengo lililokuwa Bank of India, mkabala na sanamu ya Tom Mboya. Beba kitambulisho na ada ndogo. Waeleze unatafuta nini kabla ya kujiandikia mafaili ovyo: taja Pumwani, taja miaka, taja baraza la manispaa. Usitegemee kukuta jina la nyanya siku ya kwanza. Utakachopata ni ramani, malalamiko ya wakazi, orodha za ploti na barua za maofisa, na hayo yanakusaidia kujua mtaa ulivyopangwa. Ramani na picha za angani za zamani huuzwa pia na idara ya upimaji, Ruaraka, Thika Road. Ramani ya miaka ya 1960 ukiilinganisha na picha ya setilaiti kwenye simu, utaona ni vichochoro gani vimebaki mahali pake. Misikiti, makanisa na ukumbi wa Memorial Hall, ambao ni wa miaka ya 1920, ndivyo vigingi vyako. Pima kila kitu kutoka hapo.

Piga picha karatasi zote, toa nakala, halafu rudisha asili nyumbani. Hakuna karatasi ya asili inayoingia Majengo siku ya ziara. Si kwa ajili ya wezi tu. Karatasi kuukuu yenye mhuri inafanana mno na kesi ya ardhi.

Hatua ya tatu: Mpate mwenyeji

Hapa ndipo penye safari yenyewe. Mengine yote unaweza kuyafanya nusu nusu, lakini ukiingia bila mwenyeji ni afadhali ungekaa nyumbani utazame picha.

Anza na nyumba ya ibada ya mzee wako. Kama alikuwa Mwislamu, na wengi wa Majengo ya zamani walikuwa Waislamu au walisilimu baada ya kufika, tafuta kamati ya msikiti wa karibu na alipoishi. Misikiti ya Pumwani ina wazee waliozaliwa palepale, na wanazijua koo: hawa Wadigo, hawa Wamanyema, hawa Wanubi, huyu mama yake alikuwa Mkamba. Kama alikuwa Mkristo, kanisa la Kianglikana la St. John's Pumwani lina kituo cha jamii kinachofanya kazi mtaani kwa miaka mingi, na Wakatoliki wa zama zile wengi walisali St. Peter Claver's. Piga simu ofisini, omba kuzungumza na mzee wa kanisa anayekaa mtaani, si lazima padri.

Njia ya pili ni mtoto wa mtaa anayefanya kazi nje. Nairobi hukosi mfanyakazi mwenzako, fundi, muuguzi au dereva ambaye kwao ni Majengo. Mtu huyo akikuchukua mkononi Jumapili, umeingia kama mgeni wa familia, na hilo linatosha. Vijana wanaokaa maskani kwenye kona watamuuliza yeye wewe ni nani, naye atawajibu kwa sentensi moja, na sentensi hiyo ndiyo ulinzi wako.

Je, chifu? Watu wengi hushauri uanzie kwa chifu upewe barua. Mimi sikushauri. Barua ya serikali inatangulia kukutangaza kuwa una shauri, na wapangaji watakapoona muhuri watajifungia. Kumjulisha mzee wa mtaa, yule anayejua Nyumba Kumi zake, ni adabu na kunatosha. Mwenyeji wako atamwambia. Askari wa kukusindikiza usimlete kabisa. Ukionekana na askari, hata bibi aliyemlea baba yako atasema hamjui.

Mwenyeji anayestahili utamtambua kwa maswali yake. Atakuuliza jina la ukoo, jina la mwenye nyumba, na unataka nini hasa. Yule anayeanza na "leta elfu kumi nikupe tour" aachwe. Kama ni kijana anayepoteza siku yake ya kazi kwa ajili yako, kubalianeni malipo mapema, yawe sawa na kibarua cha siku na nauli na chakula juu yake, na umlipe mwisho wa safari, faraghani. Kama ni mzee wa msikiti, usimtajie malipo. Kuna njia nyingine, nitaifikia.

Mwambie ukweli wote kabla ya siku. Kama katika familia kuna mtu anayesema "ile nyumba ni yetu," mwambie. Na kama kweli mnadhani mna haki, basi hayo ni mambo ya wakili, ya Kadhi na ya rekodi za kaunti, siku nyingine kabisa na kwa njia nyingine. Usiyachanganye na ziara. Ukienda "kuona tu" huku moyoni unapima ploti kwa macho, watakujua kabla hujamaliza chai.

Hatua ya nne: Siku, saa na njia

Jumapili asubuhi ndiyo chaguo langu. Wenye kazi wako nyumbani, na msongamano wa soko la Gikomba, ambalo linapakana na Majengo kwa upande wa chini kuelekea mto, unapungua kidogo. Ijumaa kuanzia adhuhuri wazee wako msikitini, ingawa alasiri yake ni nzuri kwa mazungumzo. Mwezi wa Ramadhani nenda asubuhi au usiende; kumchosha mzee aliyefunga kwa maswali ya mwaka 1948 si uungwana. Epuka Aprili, Mei na Novemba kama unaweza, maana mvua ikinyesha vichochoro vinakuwa matope na maji ya mitaro. Epuka pia siku yoyote yenye harufu ya maandamano. Uwanja wa Kamukunji uko karibu, na tangu Saba Saba, yale maandamano ya Julai 7, 1990 ya kudai vyama vingi, siasa za Nairobi hazijauacha.

Fika saa tatu au saa nne asubuhi, uwe umetoka saa nane. Giza lisikukute, hata ukipendwa vipi.

Usipite Gikomba kwa miguu ukitokea mjini. Inawezekana, watu maelfu wanapita kila siku, lakini wao wanajua pa kukanyaga, na wewe utakuwa unatazama mitumba huku mkokoteni unakusukuma mgongoni na mkono wa mtu uko mfukoni mwako. Pitia upande wa Kariokor na General Waruinge Street, kwa teksi au matatu ya Eastleigh, mkutane na mwenyeji mahali penye watu na geti: hospitali ya Pumwani, kanisani au msikitini. Kutoka hapo mnaingia pamoja kwa miguu. Gari zuri likiingia kwenye kichochoro linaleta watoto, maswali, na kijana wa "kulichunga".

Hatua ya tano: Ulivyovaa na ulichobeba

Hii ni fupi. Nguo za kawaida, viatu vilivyofungwa, saa na mikufu ibaki nyumbani. Mwanamke akibeba leso au mtandio atashukuru akialikwa ndani ya nyumba ya Kiislamu. Simu mfukoni ndani, haitoki barabarani kwa sababu yoyote, hata ya ramani. Unaye mwenyeji, ramani ya nini? Noti ndogo ndogo katika mfuko tofauti. Kitambulisho kimoja. Nywila ya simu na ya M-Pesa zisiwe mwaka wako wa kuzaliwa.

Ngeta, ile kabari ya shingo ya kuibiwa, hutokea kwenye kona zisizo na watu na saa za giza, na humpata mtu aliye peke yake. Ukikabwa, toa. Usipigane, usimfukuze mtu kichochoroni. Baadaye nenda kituo cha polisi upate nambari ya OB, yaani ya kitabu chao cha matukio, maana huenda ukaihitaji ukiomba kitambulisho kipya. Nambari za dharura ni 999 na 112. Mara nyingi, hata hivyo, mwenyeji anaweza kuirudisha simu haraka kuliko kituo.

Usiende kundi. Watu watatu, wanne wakizidi. Familia ya watu kumi na wawili yenye fulana za kufanana ni mkutano wa siasa.

Kama unaye mzee mwenyewe

Wapo wenye bahati: baba au shangazi aliyezaliwa mle bado yu hai na anataka kwenda. Basi mpango wote upange kwa magoti yake. Omba ruhusa ya kuegesha gari kwenye uwanja wa kanisa au msikiti, beba kiti cha kukunja na maji, hakikisha mapema ni nyumba gani itakayomkaribisha kutumia choo.

Na usimpeleke moja kwa moja kwenye anwani uliyoipata kwenye karatasi. Hataitambua, na atahuzunika. Mpeleke kwanza mahali alipopita kila siku akiwa mtoto: Memorial Hall, msikiti, shule, au mahali palipokuwa na mfereji wa kanju, yaani wa baraza la jiji, ambako wanawake walipanga madebe foleni. Mwache asimame, ajielekeze mwenyewe. Atasema, "Hapana, sisi tulikuwa tunatokea huku." Mwandamie. Usimsahihishe kwa ramani yako, hata kama anaelekea usikotarajia, kwa sababu mara kwa mara yeye ndiye aliye sahihi na ramani ndiyo iliyochorwa ofisini.

Hatua ya sita: Mlangoni

Nyumba ya Majengo ya asili ni ya mtindo wa Kiswahili: baraza mbele, mlango wa kati, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ua nyuma wenye jiko, bafu na choo. Kuta zilikuwa za miti na udongo, paa la mabati au la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa. Katika kila chumba leo kuna familia nzima. Kwa hiyo unapopiga hodi, unapiga hodi kwenye milango sita, na wote watatoka kuangalia.

Mwache mwenyeji atangulie kusema. Zamu yako ikifika, salimu kwa mpangilio: kama ni Waislamu, "Asalaam aleikum" kwa wote, kisha mkubwa kwa umri, "Shikamoo mama," "Shikamoo mzee." Keti ukiambiwa keti. Halafu sema shida yako kwa maneno machache, na neno la ploti ulitangulize wewe kabla hawajaliwaza:

"Mama, mimi ni mjukuu wa Bi Fulani, aliyekuwa akikaa hapa zamani, kwa Mzee Fulani. Sikuja kwa habari ya nyumba wala ploti. Nyumba ni yenu. Nimekuja kuona mahali alipoishi na kusikia kama yupo anayemkumbuka. Nikimaliza nitakwenda zangu."

Sema hivyo, kisha nyamaza. Wacha waulizane wao kwa wao. Dakika hizo za ukimya zina kazi: mmoja anamtuma mtoto akamwite bibi wa nyumba ya tatu, mwingine anakumbuka jina.

Usitoe daftari. Majengo imetafitiwa hadi imechoka. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Manitoba, Kanada, wamekuwa wakifuatilia hapa kundi la wanawake, wakiwemo waliokaa miaka mingi bila kuambukizwa virusi vya Ukimwi, na baada yao wamekuja wengine wengi wenye fomu. Mtu mwenye daftari ni mtu wa mradi, na mtu wa mradi hujibiwa majibu ya mradi. Ukitaka kurekodi sauti, omba kwanza, weka simu juu ya meza mbele ya macho ya wote, na uwe ndani ya nyumba.

Maswali yaanze mbali na nyumba. Ngoma gani zilichezwa siku ya harusi? Nani alikuwa akiuza maandazi? Mkunga alikuwa nani? Mtoto akifanya utundu alichapwa na nani? Mzee akishaingia kwenye maandazi, majina yanakuja yenyewe, na katika majina hayo mna la nyanya yako. Swali la "nani aliichukua nyumba baada yake" liache lije kwa mdomo wao. Likija, sikiliza, usiongeze neno.

Picha ni za mwisho. Omba kwa kila aliye ndani ya fremu. Watoto usiwapige bila mama yao kukubali. Vijana wa maskani, mahali panapouzwa pombe au chochote unachokishuku, na kituo cha polisi, usivielekezee kamera hata kwa utani.

Ukikuta nyumba haipo

Jitayarishe kwa hili, ndilo la kawaida. Baadhi ya sehemu zilibomolewa kupisha magorofa ya Pumwani Highrise, nyingine ziliungua, nyingine zimegeuzwa bohari za mitumba, na nyingi zimejengwa upya kwa mabati au mawe kwenye msingi uleule. Mwenyeji akikuambia "ilikuwa hapa," uliza alama mbili: ilitazama wapi, na jirani wa kulia alikuwa nani. Mara nyingi nyumba ya jirani bado ipo, na ndani yake kuna ukumbi na vyumba sita vilivyofanana kabisa na vyenu. Omba kuiona hiyo. Wapo wanaokataa kwa sababu "si yenyewe". Mimi naona wanajinyima, maana nyanya aliingia katika nyumba ile kila siku kuomba chumvi.

Mambo utakayoambiwa ambayo nyumbani hayasemwi

Majengo haifichi historia yake kama familia zinavyoificha, kwa hiyo uwe tayari.

La kwanza ni la wanawake. Wenye nyumba wengi wa Pumwani ya zamani walikuwa wanawake, na wengi wao walipata mtaji kwa kuuza pombe, chakula, na urafiki wao kwa wanaume wa mji usio na wake. Kwa pesa hiyo walijenga nyumba, wakawalea watoto wa ndugu zao, wakahiji, wakaziacha nyumba kwa watoto wa kulea au wakaziweka wakfu kwa msikiti. Bibi wa miaka themanini anaweza kukueleza haya kuhusu nyanya yako kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akimimina chai. Usishtuke usoni. Hakutukani, anakueleza jinsi mama mwenye akili alivyojisimamia. Cha kumwambia shangazi ukirudi ni uamuzi wako.

La pili ni la mwaka 1954. Kama mzee wako alikuwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, uliza kwa upole kuhusu Aprili 24 ya mwaka huo. Siku hiyo jeshi na polisi wa Kiingereza walianza Operesheni Anvil: waliuzingira mji, wakaingia nyumba kwa nyumba, na maelfu kwa maelfu wakachujwa na kupelekwa kambi kama Manyani na Mackinnon Road. Vyumba vilivyobaki wazi vilichukuliwa na wengine. Ndiyo sababu unaweza kukuta mtaa mzima haumjui babu yako ingawa karatasi zake zote ni sahihi. Wanaokaa humo leo, au wazazi wao, walikuta chumba kitupu. Hawakukinyang'anya kwake.

Kabla ya kuondoka

Sasa ile habari ya shukrani. Usigawe pesa barabarani. Ukimpa mmoja, ishirini watakufuata, na mwenyeji wako ndiye atakayebaki na lawama. Beba sukari, majani ya chai, unga na mafuta kwenye mfuko mmoja mzito, umkabidhi mama mkubwa wa nyumba, ndani, wakati wa kuaga. Yeye atagawa, na anajua nani alistahili. Kwa bibi aliyekusimulia, leso ni zawadi ya heshima. Kwa mzee wa msikiti, toa sadaka kwa msikiti kwa jina la marehemu wako, yeye mwenyewe akiona. Atafurahi kuliko ungempa bahasha.

Kama marehemu alizikwa Nairobi na alikuwa Mwislamu, makaburi ya Kariokor hayako mbali, na unaweza kupita siku hiyohiyo. Makaburi mengi hayana maandishi. Nenda na mtu wa msikiti, na kama kaburi halipatikani, dua isomwe langoni.

Wiki zinazofuata

Andika yote uliyosikia siku hiyohiyo, kabla ya kulala: majina kwanza, masimulizi baadaye. Safisha picha kwenye karatasi, River Road wanazisafisha kwa bei ndogo, andika majina nyuma, na umpelekee mwenyeji azigawe nyumba kwa nyumba. Wageni wengi wenye kamera huahidi picha na hawaleti. Ukileta, mara ya pili hutahitaji kusindikizwa hadi mlangoni.

Utapigiwa simu. Ada ya shule, mgonjwa, matanga. Ulipoketi barazani ukasema "mimi ni mjukuu wa hapa," ulijiweka katika hesabu ya mtaa, na mjukuu hutarajiwa. Amua mapema na nyumbani kwako mtachanga kwa mambo gani na kwa kiasi gani. Matanga ya mzee aliyekusimulia usiyakose kama uko mjini, na maombi mengine yapitie kwa mwenyeji wako kabla hujatuma chochote. Namba usiyoijua ikisema "mimi ni yule kijana wa siku ile," mpigie yeye kwanza.